Mkono wa Hafidha Uliowekwa Karantini

Kengele ya kitanda cha Felisia ililia ndani ya mkoba wa Hafidha, mchana, Hafidha akiwa ghorofa ya tatu ya soko la nguo karibu na stesheni ya Liuhua, mjini Guangzhou, Uchina. Alikuwa anamkagulia Maulid, mfanyabiashara aliyekuwa anamfanyia ukalimani, zipu za suruali za jinsi. Zipu hukaguliwa moja moja, juu chini, juu chini, kwa sababu mzigo ukishafika Unguja haurudi Guangzhou hata ulie machozi ya damu. Hafidha akamwambia Maulid amsubiri, akakaa juu ya belo la fulana pembeni ya ngazi, akatoa simu.

Kengele ile ilitakiwa ilie kwa muuguzi. Ndivyo kengele za vitanda zilivyo popote: mgonjwa anabonyeza, muuguzi anakuja. Lakini Felisia alikuwa mgeni, na katika hospitali ile ya magonjwa ya kuambukiza, nje kabisa ya mji, kengele za wagonjwa wageni zilikuwa zimeunganishwa na huduma iliyoitwa Tulizo, inayotoa faraja kwa mtandao. Wanaosema Kiswahili walipewa Hafidha. Kwa hiyo Felisia akibonyeza kule, mkoba unalia Liuhua, na wanaongea kwa simu aliyowekewa Felisia kitandani.

"Habari za mchana, dada Felisia?"

"Nzuri, mdogo wangu. Namshukuru Mungu. Za kazi?"

"Salama. Umeamkaje leo?"

"Nimeamka salama."

Juu ya kioo cha simu taa ndogo ikawaka kijani.

"Ila kifua," Felisia akasema. "Kinanibana. Upande huu wa kulia. Nikilala naona kama nazama."

Taa ikabaki kijani. Mashine ya Tulizo ilikuwa inachukua jibu la kwanza la mgonjwa, inalitafsiri, inalipeleka kwa madaktari: mgonjwa anasema yuko vizuri. Yanayofuata iliyahesabu kuwa mazungumzo. Aliyeitengeneza mashine hiyo hajawahi kusalimiana na Mswahili hata siku moja. Mswahili ana maiti ndani, ukimuuliza habari za hapa anakujibu nzuri, kisha ndipo anakwambia nani kafa. Lakini nani alimuuliza Mswahili? Hakuna.

Basi Hafidha akafanya kama alivyofundishwa. Alifundishwa asubuhi moja, katika chumba chenye kiyoyozi na sahani ya biskuti, kwamba mgonjwa wa ugonjwa wa kuambukiza ana hofu, na hofu hukaa kifuani, na ndiyo sababu kifua hubana. Dawa yake ni pumzi. Vuta, shikilia, toa. Kwamba kifua cha mgonjwa wa kifua kinaweza kubana kwa ajili ya kifua chenyewe, hilo kwenye mafunzo halikuwemo.

"Vuta pumzi, dada."

"Haivutiki."

"Kidogo kidogo. Shikilia. Toa."

Maulid alikuwa anapiga miluzi kule dukani, zipu mkononi.

Felisia alikuwa mwenye duka la mikoba Bukoba, mama wa watoto wawili waliobaki kwa bibi yao. Alikuja kununua mzigo Shiling, kule kwenye mji wa mikoba na ngozi, akapanda basi na mwenzake wa chumba, Goodness wa Moshi, na katika duka la tatu akakohoa damu juu ya mkoba mweupe wa sampuli. Ulikuwa kifua kikuu, kile sugu kisichosikia dawa za kawaida. Akafungiwa chumba peke yake. Siku ya kwanza alilia sana, akaita watoto wake kwa Kihaya na kumwita Mungu kwa Kiswahili, na daktari, ambaye hakuelewa neno, akaandika kwamba mgonjwa ana hofu. Tangu siku hiyo lolote alilosema Felisia lilikuwa hofu. Akisema maumivu, hofu. Akisema chakula hakipiti, hofu. Daktari hakurudi tena kumwekea sikio kifuani, maana hofu ilikwisha kupatiwa mtu wake, na mtu huyo alikuwa ameketi juu ya belo la fulana.

Felisia alitaka kitu kimoja tu: daktari amguse kifua. Kila siku aliomba hicho hicho. Na kila siku Hafidha alimpelekea ombi hilo Tony.

Tony alikuwa Mkenya, msimamizi wa washauri wote wa lugha za Afrika. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalotia hasira zaidi, kwa sababu mtu mbaya ungemtukana ukalala. Alimchagua Hafidha kwa lafudhi yake. Alisema Kiswahili cha Unguja kinabembeleza, mgonjwa akikisikia anapoa mwenyewe.

"Sister, wewe shughulika na roho," alimjibu. "Mapafu yana wenyewe."

"Hao wenyewe hawendi, Tony."

"Na taa iko kijani. Mgonjwa mwenyewe anasema yuko poa. Sasa mimi nitabishana na mgonjwa?"

Hafidha akamwomba Felisia ajibu salamu kwa kusema mbaya. Habari za asubuhi? Mbaya. Basi, neno moja, mashine ilichukue. Felisia alikataa katakata. Alisema salamu ni ya Mungu, na mtu aliyeamka akiwa hai hawezi kusema asubuhi ni mbaya, hiyo ni kufuru, na mama yake alimlea. Shida ina zamu yake, alisema, inakuja baada ya salamu. Hafidha akaacha kumwomba, kwa sababu na yeye ndivyo alivyolelewa.

Mkono ulitoka siku ya Ijumaa.

Felisia alikuwa analia bila sauti, maana sauti ilihitaji pumzi. Hafidha alikwisha kusema vuta, shikilia, toa mpaka maneno yakamchachia mdomoni. Akasema kile ambacho kila mtu husema.

"Lau ningekuwa hapo, dada, ningekushika mkono."

Akaunyoosha wa kulia kwenye kioo cha simu, na mkono ukapita. Viliingia vidole, kikaingia kiganja, na ulipofika kwenye kifundo ukaachia, kama bangili inavyotoka ukipaka sabuni. Damu haikutoka. Upande wa pili Felisia akaudaka usianguke sakafuni.

"Mkono wako wa baridi," alisema.

"Kiyoyozi cha huku dukani."

"Na una hina."

"Harusi ya rafiki yangu Najat, wiki iliyopita."

Felisia akaugeuza, akatazama maua ya hina, akaushika kwa mikono yake miwili. Hafidha akahisi vizuri kabisa joto la homa. Wakakaa hivyo bila kusema vuta wala toa, na ile ndiyo mara ya kwanza Felisia alipumua nafuu.

Hafidha alipotaka kuuvuta mkono urudi, haukurudi. Kioo kile kilipitisha upande mmoja tu. Akarudi dukani na mkono wa shati unaning'inia.

"Mkono uko wapi?" Maulid akauliza.

"Nimemwachia mgonjwa."

"Ah. Mpe pole." Akampa suruali nyingine upande wa kushoto.

Laoban, yaani mwenye duka, mama wa makamo mwenye kikombe cha chai kisichoisha, aliangalia akasema mei guanxi, si neno, mkalimani kazi yake ni mdomo.

Mkono ulikaa kwa Felisia na kufanya kazi za mkono. Ulimmiminia maji ya moto. Ulimfumua nywele zilizokaa muda mrefu bila kufumuliwa. Kusuka haukuweza, hiyo ni kazi ya mikono miwili. Ulimfuta jasho shingoni. Hafidha alikuwa sokoni anapatana bei za magauni, na huku anasikia kitambaa kibichi kiganjani, na uti wa mgongo wa mwanamke mwingine chini ya vidole, kila pingili.

Na watu wengine? Wengine walituma pole. Kundi la wafanyabiashara wa Kitanzania kwenye simu lilijaa pole asubuhi mpaka jioni. Pole dada. Mungu ni mwema. Kaza moyo. Na vile vimikono vya njano vilivyokunjwa kwa sala, vitatu vitatu, vitano vitano, mpaka ukitelezesha kidole chini unachoka. Vimikono vile havikutoka kwenye kioo hata kimoja. Waliokula naye Xiaobei, mtaa wa Waafrika, waliogawana naye kontena, waliokopa jina lake kupitishia mizigo, wote walikuwa na uwezo wa kusimama mlangoni pa hospitali ile wakapiga kelele, na wote walikuwa na simu. Hata Goodness, aliyelala naye chumba kimoja, alisema angeenda lakini anaogopa akikohoa mbele yao watamfungia na yeye. Akatuma sala ndefu kwa sauti. Maneno matupu hayavunji mfupa, wala hayatibu pafu.

Ulikuwa unampapasa mgongo, mkono ule, Felisia akisali, ndipo ulipojua. Kila mtu aliyewahi kumbembeleza mtoto mgongoni anajua kwamba mtu akisema, mgongo hutetemeka kidogo. Felisia akisema Salamu Maria, upande wa kushoto ulitetemeka. Upande wa kulia ulikuwa kimya. Mkono ukahama juu, ukahama chini. Kimya, kama unapapasa ukuta. Hafidha alikuwa kwenye lifti ya soko na maboksi. Akashuka ghorofa isiyo yake, akampigia Tony.

"Upande wa kulia umekufa. Kuna kitu ndani, maji au nini sijui. Mpelekee daktari leo hii."

"Umejuaje?"

"Mkono wangu uko pale."

Tony akaufungua mkataba, akausoma. "Mkono haumo kwenye mkataba," akasema.

Hafidha alikwenda mwenyewe. Alipanda metro, akapanda basi, akafika getini. Mlinzi alimwambia wageni hawaruhusiwi. Hafidha akamwambia mkono wake uko ndani, akamwonyesha kifundo. Mlinzi akapiga simu wodini, wakamthibitishia kwamba ni kweli, chumba cha mgonjwa Mtanzania kina mkono wa ziada. Akaambiwa asubiri. Alisubiri sana. Kisha akatoka mwanamke mwenye barakoa akamweleza, kwa adabu, kwamba mkono umekaa na mgonjwa wa ugonjwa wa kuambukiza, kwa hiyo sasa uko karantini, na utaruhusiwa kuondoka ukipimwa na kuonekana safi.

"Sikuja kwa ajili ya mkono," Hafidha akasema kwa Kichina. "Nimekuja kwa ajili ya mgonjwa. Hawezi kupumua. Upande wa kulia hautikisiki."

"Mgonjwa anapata msaada wa kisaikolojia."

"Msaada wenyewe ndiye mimi!"

"Basi umpe," yule mwanamke akasema, na akarudi ndani.

Mkono ukafungwa kikuku cha plastiki chenye namba. Kila asubuhi muuguzi alikuja kuupima. Kwa kuwa hauna pua, alipitisha kijiti cha pamba katikati ya vidole. Hebu fikiri. Kila asubuhi muuguzi alisimama hatua moja kutoka kwa Felisia, amejifunika toka utosini, akashughulika na mkono, vidole kimoja kimoja, taratibu, bila haraka. Felisia alikwisha kujifunza neno la Kichina la daktari, akalisema, akajipiga kifuani. Muuguzi akamwonyesha simu. Kwa nini usibonyeze, ndivyo alivyomaanisha, si una mtu wako?

Asubuhi moja mkono ukamkamata muuguzi kwa nguo. Ulimvuta, ukampeleka mpaka mgongoni kwa Felisia, ukamkandamiza kiganja pale pale penye ukuta. Sema, Felisia, sema! Hafidha alikuwa anapiga kelele kwenye simu, na Felisia akaanza Baba Yetu. Kiganja cha muuguzi kilikuwa juu ya pafu lile, ndani ya glavu mbili. Alikivuta, akatoka mbio, akaandika malalamiko kwamba mkono wa mshauri una fujo.

Onyo lilifika kwa Tony, naye akalipeleka kwa Hafidha.

"Sister, unaniharibia."

"Nakuharibia nini, Tony? Mtu anakufa!"

"Taa iko kijani."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tony alikuwa amekaa ofisini kwake na kahawa, akiangalia safu ya taa za kijani za Waswahili, Wahausa na Wakongo, zote zinawaka vizuri, na kila moja ilikuwa mtu aliyeanza kwa kusema hajambo.

Basi siku iliyofuata kengele ilipolia, Hafidha hakusalimia.

"Dada Felisia, unaumwa?" alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kabisa.

Kule wodini vidole vya Felisia vililegea, vikauachia mkono.

"Mdogo wangu," akasema, "leo nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Hata habari za asubuhi hakuna?"

Hafidha aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Alikuwa amesimama katikati ya soko, watu wanampita na mabelo, na aliona kama kamtemea mtu mzima mate. Lakini akashikilia.

"Mashine inasikiliza la mwanzo tu, dada. Nikikusalimia unajibu nzuri. Mie nimechoka na nzuri. Nijibu: unaumwa?"

Felisia akafikiri. Alikuwa mwanamke wa heshima zake na neno lile lilimwia zito.

"Naumwa," akasema. "Naumwa vibaya. Nakufa, mdogo wangu."

Taa ikawaka nyekundu.

Hafidha alipiga vigelegele pale pale. Laoban akatoa kichwa dukani kuona nani kaolewa. Nyekundu! Mlango wa chumba cha Felisia ulifunguliwa saa ile ile. Wakaingia watu wawili na kitoroli, na mkono ukasikia upepo wa nguo zao, ukakaa sawa pembeni ya kitanda.

"Wamekuja," Felisia akasema. "Asante, mdogo wangu. Wamesikia."

Sasa, Hafidha hakujua nyekundu maana yake nini. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza, kwani nani anauliza maana ya nyekundu? Nyekundu kwa Tulizo haikuwa mgonjwa anaumwa. Ilikuwa mgonjwa hajatulia. Na mgonjwa asiyetulia kwa maneno anatulizwa kwa kidonge. Kitoroli kilikuwa na kikombe cha karatasi, kidonge kimoja na maji.

Hafidha alikisikia kikombe kikigusa vidole vyake, akamsikia mmoja akisema kwa Kichina kwamba kidonge hiki kitamlaza, akaelewa. "Usimpe!" alipiga kelele kwa Kichina. "Hapumui vizuri, mkimlaza hatapumua kabisa! Mapafu! Tazameni mapafu!" Mmoja wao akainama, akapunguza sauti ya simu. Mkono ukakipiga kikombe, maji yakamwagika, kidonge kikabiringika chini ya kitanda. Wakaleta kingine. Safari hii waliufunga mkono kwanza, kwa bendeji, kwenye chuma cha kitanda.

Felisia alimeza. Alidhani ni dawa ya kifua. Hakuna aliyemwambia sivyo kwa lugha anayoijua, isipokuwa Hafidha, na Hafidha sauti ilikuwa imepunguzwa. Kisha akalala ubavu, akaushika mkono uliofungwa, vidole kwa vidole. Taa ikawa kijani.

Hafidha alimpigia Tony. Alipiga hospitali. Alipiga kwenye lile kundi la simu, akawaambia Watanzania wote waliopo Guangzhou waende getini sasa hivi, kwa teksi, kwa miguu, kwa vyovyote. Alijibiwa kwa vimikono vya njano. Tony alimwambia kesi imekwenda vizuri sana: nyekundu imerudi kijani ndani ya muda mfupi, ndivyo inavyotakiwa.

Asubuhi, Hafidha alipokuwa anachemsha maji ya chai, vidole vilivyomshika vilianza kupoa. Alizima jiko. Alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, akaukaza mkono ule, akamfinya Felisia kwa nguvu zote ili aamke. Felisia hakufinya tena. Taa ilibaki kijani mpaka simu ilipoisha chaji.

Hospitali ilisema maiti yenye ugonjwa ule inachomwa. Hafidha akaomba mkono wake, akauzike. Alikwenda na Mzee Khatib, mfanyabiashara wa Unguja anayeulizwa mambo ya dini, aliyevaa kanzu safi kwa ajili hiyo.

"Kiungo cha Muislamu kinazikwa," Mzee Khatib akawaambia, na Hafidha akatafsiri. "Moto hapana. Huo ni mkono wa mtu aliye hai, huyu hapa mwenyewe."

Wakajibiwa kwamba vidole vimeshikana, haviachani bila kuvunjwa, na kuvunja kitu chenye maambukizi hairuhusiwi. Meiyou banfa, wakasema, hakuna namna. Wachina wa sokoni husema hivyo wakiwa hawataki kukupunguzia bei. Mzee Khatib alilia njia nzima kwenye basi. Alikuwa amekwisha kununua sanda, kipande kidogo.

Alhamisi mchana Hafidha alikuwa anamnyooshea Maulid gauni ili alione urefu, gauni likamwanguka.

"Naungua," alisema.

Maulid aliacha kila kitu, akakimbia, akaleta chupa ya maji, akammwagia kwenye kifundo kitupu, na nyingine, na nyingine, mpaka maji yakatiririka ngazini. Hayakusaidia kitu. Lakini ndiye mtu pekee katika habari hii yote aliyekimbia kusaidia. Hafidha alikaa juu ya belo na kuung'ata mtandio mpaka moto ulipokwisha, na ulichelewa kwisha.

Goodness alisafiri na majivu kwenda Bukoba. Mama yake Felisia aliambiwa kwamba humo ndani yumo binti yake pamoja na mkono wa msichana wa Unguja. Bibi akauliza msichana huyo anaitwa nani, akatajiwa, na kwenye misa padri akayasoma majina yote mawili. Watoto walisalimia wageni mmoja mmoja, habari za safari, nzuri, karibuni.

Tulizo hawakuwa na kosa. Kifo kiliandikwa kwa ugonjwa, na huduma ikaandikwa kufanikiwa, kwa sababu taa ya mwisho ilikuwa kijani. Hafidha alitumiwa cheti cha pongezi chenye muhuri. Kukichana kwa mkono mmoja ni kazi, kwa hiyo alikikanyaga kwa mguu ndipo akakichana. Pia washauri wote walitumiwa ukumbusho: kabla ya kumfariji mgonjwa, mshauri avae glavu.

Alitaka kuacha. Tony akamwambia akiacha, kengele za Waswahili zitapelekwa kwenye mashine inayoongea yenyewe, maana mtu mwingine hayupo. Hafidha alimtukana, matusi ya Kiunguja ambayo Tony hakuyaelewa lakini aliyaona mazuri kwa sauti. Kisha akabaki.

Mkoba ulilia tena akiwa Shisanhang, soko jingine la nguo, kwenye foleni ya vitoroli vya nguo. Alikuwa kijana wa Kahama, Dismas, aliyekuja kununua vifaa vya simu. Kifua kikuu. Chumba kile kile au kingine, vyote vinafanana.

Hafidha alisimama akitazama taa ambayo bado haijawaka. Akisalimia, kijani, na hakuna anayekuja. Asiposalimia, nyekundu, na wanakuja na kidonge.

"Habari za mchana, mdogo wangu?"

"Nzuri tu, dada. Shikamoo."

"Marahaba."

Kijani.

"Ila dada, kifua kinanibana."

Alivaa glavu kwa meno. Aliiegemeza simu juu ya belo na kuunyoosha mkono wa kushoto, ukaingia mpaka kifundoni, ukaachia. Dismas aliudaka, akasema asante.

"Uweke mgongoni. Hapo. Sasa sema chochote."

"Niseme nini?"

"Nitajie watu wa kwenu."

Dismas akaanza kutaja, mama, kaka, shangazi wa Shinyanga. Upande wa kushoto ulitetemeka. Mkono ukahamia kulia, ukapapasa juu, ukapapasa chini, na kulia kulikuwa kimya.

Ujumbe wa Tony ukatokea juu ya kioo. Kijani, sister, safi sana, mwambie apumue. Hafidha hakuwa na mkono wa kumjibu.